IBN AL-HAYTHAM: MWANACHUONI WA CHUMBA CHA GIZA

Sote twapiga picha kwa simu, lakini ni wangapi wanaomjua Ibn al-Haytham?

Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 354 Hijria (965 Miladia). Wanahistoria wanasimulia kuwa alidai anaweza kuyadhibiti maji ya mto Nile. Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita. Akasafiri na mafundi hadi upande wa Aswan, na njiani akaona majengo makubwa ya watu wa kale. Akajua kuwa mafundi kama wale, lau jambo lile lingewezekana, wangelifanya zamani. Akarudi Cairo akakiri kwamba hawezi. Baadaye, kwa kuogopa ukali wa khalifa, akajifanya mwendawazimu, akazuiliwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021.

Alipokuwa huru alikaa karibu na msikiti wa Azhar, akila kwa jasho lake, kazi yake kunakili vitabu vya hesabu. Kitabu chake mashuhuri ni Kitab al-Manazir, juzuu 7, juu ya nuru na macho.

Wakubwa wa elimu kama Euclid na Ptolemy walishika kuwa jicho ndilo linalotoa miale. Yeye hakufuata tu kwa sababu wamesema wakubwa. Alitumia chumba cha giza chenye tundu, nje akapanga taa kadhaa. Kila taa ikatia doa lake ukutani. Ukiziba taa moja, hupotea doa lake peke yake. Basi nuru hwenda mstari ulionyoka, wala haichanganyiki pale tunduni. Aliandika pia risala juu ya jua linapopatwa: likipita kwenye tundu dogo, hutoa umbo la hilali.

Hebu jaribuni wenyewe. Nyumba zetu za Mji wa Kale zina madirisha ya mbao. Adhuhuri yafungeni yote, mwache kitundu kimoja tu kinachotazama nje penye jua. Subirini macho yazoee giza, mtaona ukutani nyumba ya jirani, kichwa chini miguu juu! Nuru ya juu hushuka, ya chini hupanda. Hapana kamera hapo, hapana kioo. Na jua likipatwa, kama Ijumaa ya Januari 15, 2010, msilikodolee macho. Toboeni kadibodi mtazame kivuli chake chini.

Picha ile haikai ukutani. Ilibidi kungoja mpaka miaka ya 1830, Mwingereza Talbot alipoweka jani juu ya karatasi iliyotiwa chumvi na dawa ya fedha. Jua likaichoma karatasi ikawa nyeusi, umbo la jani likabaki jeupe. Hiyo nayo ni picha bila kamera. Na neno kamera lenyewe, kwa Kilatini, maana yake ni chumba.

Ibn al-Haytham alifariki Cairo yapata mwaka 430 Hijria (1040). Mwaka 1572 kitabu chake kilipigwa chapa kwa Kilatini mjini Basel.

Vijana, mtu huyu alikiri mbele ya mfalme kuwa hajui, kisha akasoma mpaka akajua. Siku hizi uvumi wasambazwa kwa simu kabla ya kuhakikiwa. Ramadhani hii tuzuie ndimi zetu, tuhakikishe kwanza. Allah amrehemu. Amin.