Bruno Rossi, Mwanafizikia Aliyepanda Asmara

Ndugu zangu tuliosoma pamoja,

Kila niendapo Njombe kupitia Makambako, baridi inapoanza kuuma njiani, humkumbuka mtu ambaye sikupata kumwona. Ni Bruno Rossi, mwanafizikia wa Kitaliana. Yeye naye alitafuta nchi ya juu isiyo mbali na ikweta kwa ajili ya kazi yake, akaipata Asmara, Eritrea. Nimeona vema nimweleze hapa, kwani maisha yake yanatuhusu sisi tuliosomea milimani.

Rossi alizaliwa Venice tarehe 13 Aprili, 1905. Mwaka 1928 alianza kazi katika Chuo Kikuu cha Florence, kwenye maabara ya Arcetri. Siku hizo wataalamu walikuwa wakibishana juu ya miale ya kosmiki, ile itufikiayo kutoka anga za mbali usiku na mchana. Hata sasa unaposoma, karibu chembe moja inapita kiganjani mwako kila sekunde. Baadhi yao walidhani asili yake ni kitu cha jamii ya mwanga, wengine wakasema ni chembe zenye chaji ya umeme.

Mwaka 1930 Rossi alibuni sakiti ya vali za redio iliyounganisha mirija kadhaa ya Geiger. Mrija mmoja ukipigwa peke yake, sakiti ilinyamaza. Ilitoa ishara pale tu mirija yote ilipopigwa kwa wakati mmoja. Kwa kuipanga mirija katika mstari, aliweza kujua chembe imetoka upande gani. Mwaka huo huo alikokotoa kwamba ikiwa miale hiyo ni chembe zenye chaji, usumaku wa dunia utazipinda. Zikiwa na chaji chanya, nyingi zitatoka magharibi. Zikiwa na chaji hasi, mashariki. Florence ilikuwa mbali mno na ikweta kuonyesha tofauti hiyo.

Mwaka 1933 yeye na Sergio De Benedetti walifunga mitambo yao Asmara, karibu mita 2,370 juu ya usawa wa bahari. Magharibi ilishinda. Lakini mwaka huo huo, kabla yake, Wamarekani waliopima Mexico City, yaani Thomas Johnson, na Luis Alvarez pamoja na Arthur Compton, walikwisha kutangaza matokeo kama hayo. Mwenye wazo akawa wa pili.

Hata hivyo hakurudi mikono mitupu. Alipoitenganisha mirija ili kuikagua, aliona bado inapigwa pamoja mara nyingi kuliko ilivyotazamiwa kwa bahati tu. Akaandika kwa ufupi kwamba huenda chembe hushuka kwa makundi, kama manyunyu, juu ya eneo kubwa. Hakupata wasaa wa kulifuatilia. Mwaka 1938 Pierre Auger wa Ufaransa alilichunguza kwa kina, na kituo kikubwa cha Argentina kinachopima manyunyu hayo kina jina la Auger.

Tukumbuke pia kwamba Eritrea ilikuwa koloni la Italia. Serikali ile ile iliyowatawala Waeritrea ilimgeukia Rossi mwenyewe mwaka 1938. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, sheria za ubaguzi zilimfukuza Chuo Kikuu cha Padua, mwaka mmoja tu baada ya taasisi aliyoisimamia ikijengwa kufunguliwa. Yeye na mkewe Nora walipitia Copenhagen na Manchester, wakafika Marekani mwaka 1939. Wakati wa vita alifanya kazi Los Alamos, lilikotengenezwa bomu la atomiki. Toka 1946 alifundisha katika chuo cha MIT. Mwaka 1962 utafiti aliouhimiza, ukiongozwa na Riccardo Giacconi, uligundua eksirei kutoka nyota za mbali. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Rossi hakuipata kamwe. Alifariki tarehe 21 Novemba, 1993.

Ndugu zangu, Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na iko karibu na ikweta kuliko Asmara. Miale ile ile inashuka juu ya mabweni yetu ya zamani kila usiku. Mirija michache na sakiti yake si mzigo usiobebeka kwa watu wazima wenye mishahara. Naomba tutakapokutana, suala la maabara liwemo katika ajenda.