Bi. Joy Adamson: Brashi Kabla ya Simba

Jina la Joy Adamson likitajwa, wengi wetu hukumbuka simba Elsa tu. Kumbe mama huyu alishika brashi kwanza!

Alizaliwa mwaka 1910 mjini Troppau, katika milki ya Austria, akaitwa Friederike. Alifika Kenya 1937. Mumewe Peter Bally, mtaalamu wa mimea, ndiye aliyembandika jina Joy. Basi akawa anachora maua ya porini, halafu watu wa makabila yetu na mapambo yao. Picha zake nyingi zimo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Baadhi ya mapambo hayo siku hizi ni nadra kuyaona kwingine.

Mwaka 1956 yeye na George Adamson walianza kumlea Elsa, wakamrudisha mwituni Meru. Bi. Joy aliuawa Shaba, tarehe 3 Januari 1980.

Kwa nini nasimulia haya? Mbuga ya Meru inapakana na Mto Tana, unaopokea maji ya Mto Thika, jirani yetu. Kule chini wanaishi kima aina ya mangabe, wasiopatikana penginepo duniani, na misitu yao inakatwa. Wenzangu, tusingoje wabaki pichani tu.