Tom Rolt: Mhandisi aliyeitetea mifereji ya Uingereza kwa mashua kuukuu

ALIPOFARIKI dunia Mei 9, 1974, Lionel Thomas Caswall Rolt, ambaye jamaa na marafiki walimwita Tom, alikuwa amewaachia Waingereza rundo la vitabu, reli ndogo inayoendeshwa na watu wa kujitolea, na mtandao wa mifereji ambao serikali yao ilikuwa imekaribia kuusahau. Mwenyewe hakuwa tajiri wala mwanasiasa. Sehemu kubwa ya sifa zake ilichipuka kutokana na mashua moja kuukuu ya mbao, iliyoitwa Cressy, ambamo aliishi kwa takriban miaka 12.

Rolt alizaliwa Februari 11, 1910 katika mji wa Chester. Utotoni aliishi karibu na Hay, mpakani mwa Uingereza na Wales, hadi baba yake alipopoteza fedha nyingi katika uwekezaji ulioanguka. Hapo familia ikahamia nyumba ya mawe ya kale katika kijiji cha Stanley Pontlarge, jimbo la Gloucestershire. Kijana huyo alipelekwa Chuo cha Cheltenham lakini masomo ya darasani hayakumvutia. Akiwa na umri wa miaka 16 aliyapa kisogo, akaenda kujifunza kazi ya mikono, na hatimaye akawa mwanagenzi katika kiwanda cha garimoshi cha Kerr Stuart mjini Stoke-on-Trent.

Kiwandani humo alikuwamo mjomba wake, Kyrle Willans, mhandisi mwenye cheo na mwenye kupenda majaribio. Willans ndiye aliyeinunua Cressy. Hii ilikuwa mashua ya mizigo, iliyoundwa ivutwe na farasi aliyetembea kandokando ya mfereji. Mjomba aliitia injini ya mvuke, baadaye akaing'oa na kutia mahali pake injini ya gari la Ford aina ya Model T. Rolt alisafiri ndani yake akiwa kijana wa miaka 20 hivi, na tangu hapo mapenzi ya mifereji hayakumtoka.

Yafaa msomaji aelezwe mifereji yenyewe ni ipi. Ilichimbwa hasa katika nusu ya pili ya karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya reli, ili kusafirisha makaa ya mawe, udongo wa vyombo na bidhaa za viwandani. Palipo na kilima, yalijengwa malango ya maji, yaani vyumba vya mawe au matofali vyenye milango mizito kila upande. Chumba kikijazwa maji mashua hupanda, na kikimwagwa hushuka. Ili kupunguza gharama na kuokoa maji, mhandisi James Brindley na wenzake waliyajenga malango mengi ya maeneo ya kati ya Uingereza yakiwa na upana wa mita mbili na kidogo tu. Hivyo mashua za huko zikalazimika kuwa nyembamba kama ufito: upana wa mita mbili, urefu wa mita 21 au 22.

Kiwanda cha Kerr Stuart kilifilisika mwaka wa 1930, na Rolt akawa miongoni mwa vijana wengi waliohitimu ufundi wakakosa pa kuutumia. Alitangatanga kwa vibarua, kisha pamoja na wenzake akafungua karakana ya magari huko Phoenix Green, Hampshire. Hapo ndipo alipojiunga na wapenzi wa magari ya kale waliounda klabu yao mwaka wa 1934. Ni katika karakana hiyo pia alipokutana na Angela Orred, binti wa mwanajeshi mstaafu, aliyekuja akiendesha gari la michezo. Babake Angela hakutaka kusikia habari za mkwe fundi asiye na mali. Wawili hao walioana Julai 1939 bila baraka za mzee.

Makao yao yalikuwa tayari. Rolt alikuwa ameinunua Cressy kutoka kwa mjomba wake na kuipeleka katika karakana ya ukoo wa Tooley, mjini Banbury, kwenye mfereji wa Oxford. Karakana hiyo ina gudi iliyokuwapo tangu mwaka wa 1790, na mashua huingizwa humo maji yakaondolewa ili fundi apate kulifikia tumbo lake. Mzee Tooley na wanawe waliikagua Cressy ubao kwa ubao. Sehemu ya mizigo ikajengwa vyumba: jiko, chumba cha kulala, mahali pa kuogea na mahali pa kuandikia.

Wapo wanaodhani kwamba kuishi majini ni starehe isiyo na gharama. Mashua ya mbao ya aina ile ni mgonjwa wa kudumu. Ubavu wake ni wa mwaloni na sakafu ni ya elmi, mti ambao hukaa miaka mingi bila kuoza mradi usitoke majini. Balaa huzuka pale ubao unapolowa na kukauka, ukalowa tena, karibu na usawa wa maji na katika kona ambazo hewa haipiti. Maji ya mvua yakipenya kutoka juu huoza mbao kwa kasi kuliko maji ya mfereji yanayoibeba mashua. Ngama lazima ifuliwe, na kila baada ya muda chombo kiingie gudini kikwanguliwe, kikalafatiwe na kupakwa lami upya. Mafundi wa jahazi wa Lamu na Matondoni wangeielewa kazi hii bila mkalimani. Tofauti ni kwamba wao hushindilia pamba iliyoloweshwa mafuta, ilhali fundi wa Banbury alishindilia nyuzi za katani zilizotiwa lami.

Mwishoni mwa Julai 1939 Tom na Angela waling'oa nanga na kuelekea kaskazini. Walipita mfereji wa Oxford hadi Braunston, wakazunguka Leicester na bonde la mto Trent, wakaingia wilaya za viwanda vya vyombo. Mwendo wao ulikuwa kama wa mtu atembeaye kwa miguu. Njiani walikutana na familia za wasafirishaji zilizozaliwa, kuoa na kuzeeka ndani ya vyumba vidogo vya shetri, ambavyo milango yake ilipambwa kwa michoro ya waridi na ngome. Wengi wao hawakujua kusoma, lakini walijua kila daraja na kila lango. Rolt aliwatazama kwa heshima kubwa, na pengine aliwapamba kidogo kuliko walivyostahili, kwani maisha yao yalikuwa ya jasho na baridi.

Vita Vikuu vya Pili vilizuka wakiwa safarini. Rolt alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha Rolls-Royce mjini Crewe, kilichotengeneza injini za ndege, lakini kazi ya kurudiarudia kitendo kimoja kutwa nzima ilimchosha upesi. Alipopata nafasi katika kiwanda cha kusubu chuma huko Aldbourne, Wiltshire, aliondoka na nyumba yake ikielea hadi Hungerford. Baadaye aliajiriwa na Wizara ya Ugavi, na Cressy ikatia nanga Tardebigge, juu ya ngazi ya malango 30 ya mfereji wa Worcester na Birmingham. Ilikaa hapo takriban miaka mitano.

Ndani ya mashua hiyo ndimo alimoandikia habari za safari ya 1939. Wachapishaji waliukataa mswada, naye akauweka kando. Mwandishi H. J. Massingham alipopata habari zake alimsaidia, na kitabu hicho, Narrow Boat, kikachapishwa mwishoni mwa mwaka wa 1944. Waingereza waliochoshwa na mabomu walikinunua kwa wingi. Barua zikamiminika Tardebigge, mojawapo ikitoka kwa Robert Aickman, mwandishi wa London. Walikutana kando ya Cressy mwaka wa 1945, na mwaka uliofuata wakaunda chama cha kutetea mifereji, Inland Waterways Association. Aickman akawa mwenyekiti, Charles Hadfield makamu wake, na Rolt katibu.

Kazi ilikuwa kubwa kuliko uwezo wao. Reli na malori yalikuwa yamenyakua mizigo, na kampuni za reli, ambazo zilimiliki mifereji kadhaa, hazikuwa na sababu ya kuitunza. Matope yalijaa, milango ikaoza. Kisheria, hata hivyo, haki ya kupita ilikuwa ingali hai katika mifereji mingi. Rolt aliitumia haki hiyo kama silaha. Kwenye mfereji wa Stratford, mahali paitwapo Lifford, daraja la kuinuliwa lilikuwa limeharibika na kampuni ya reli ya Great Western ikaweka daraja la chuma lisiloinuka, lililoziba njia. Suala hilo lilipofikishwa bungeni, kampuni ilikubali kuliinua kwa yeyote atakayetoa taarifa. Rolt akatoa taarifa. Mnamo Mei 1947, wafanyakazi wa reli walilazimika kuliinua daraja kwa jeki huku waandishi wa habari wakitazama, na Cressy ikajikokota ikiburura takataka na magugu. Nafikiri hakuna hotuba ambayo ingefanya kazi ya asubuhi ile.

Mifereji mingi ilitaifishwa Januari 1, 1948, lakini mvutano ukahamia ndani ya chama chenyewe. Aickman alishikilia kwamba kila maili ya mfereji lazima ipiganiwe, pasipo kuchagua. Rolt aliona kuwa nguvu ni chache, na kwamba kipaumbele kiwe njia ambazo familia za wasafirishaji zilizitegemea kwa riziki. Kwake mfereji usio na watu wake wa kazi ulikuwa ganda tupu. Kila mmoja alikuwa na hoja, na wala hakuna aliyejua kumsikiliza mwenzake. Mapema mwaka wa 1951 Rolt alifukuzwa katika chama alichokiasisi, na Hadfield pia akajikuta nje.

Mwaka huohuo mambo mengine mawili yalifikia kikomo. Cressy ilikuwa imezeeka. Mbao zake zilikuwa zimechakaa kiasi kwamba kuitengeneza upya kungehitaji fedha ambazo mwandishi asiye na mshahara hakuwa nazo. Ndoa nayo ilivunjika. Angela, aliyeizoea mikikimikiki ya kuhamahama, alikwenda kujiunga na sarakasi ya Billy Smart. Rolt alitaka kutulia. Mashua ikauzwa, na leo haipo.

Hakukaa akilia. Mwaka wa 1950 alikuwa ameongoza mkutano mjini Birmingham ulioazimia kuiokoa reli ya Talyllyn, njia nyembamba ya machimbo ya mawe huko Wales iliyokuwa ikikaribia kufungwa baada ya kifo cha mmiliki wake. Rolt akawa meneja kwa misimu miwili ya kwanza, 1951 na 1952, akiendesha treni kwa garimoshi lililoundwa miaka ya 1860 na reli zilizolika. Ilikuwa ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea.

Alirejea katika nyumba ya Stanley Pontlarge na kumwoa Sonia Smith, mwigizaji wa zamani ambaye wakati wa vita alifanya kazi kwenye mashua za mizigo. Walipata wavulana wawili. Kalamu ndiyo iliyowalisha: wasifu wa Isambard Kingdom Brunel mwaka wa 1957, wa Thomas Telford mwaka wa 1958, na wa George na Robert Stephenson mwaka wa 1960. Tajiriba ya karakana ilimwezesha kueleza namna daraja linavyobeba uzito bila kumchosha asiye mhandisi, kipaji ambacho si wasomi wengi wanacho.

Majira ya baridi kali ya 1962 na 1963 yaligandisha mifereji kwa wiki nyingi na kuimaliza karibu yote biashara ya mizigo aliyoipigania. Lakini Sheria ya Uchukuzi ya 1968 iliitambua mifereji kuwa njia za burudani, na Rolt aliishi kuliona hilo. Tangu mwaka wa 2012 mifereji ya Uingereza na Wales, yenye urefu wa takriban kilomita 3,200, hutunzwa na shirika la hisani la Canal & River Trust, na juu yake zimo mashua zaidi ya 30,000. Nyingi ni za chuma. Wenye nazo hawakalafati tena. Hupima unene wa bamba lililoliwa na kutu, na kila baada ya miaka miwili au mitatu huzitoa majini kuzipaka lami.

Mjini Banbury daraja mojawapo la mfereji lina jina la Rolt. Karibu nalo, gudi ya akina Tooley ingalipo, safari hii ikiwa imezungukwa na maduka makubwa, na mashua bado huingizwa humo kutengenezwa.