Mzishi wa ndugu yake aliyeanzisha misheni ya bara

WAGONJWA wanaofurika hospitali ya AIC Litein, katikati ya mashamba ya majani chai ya Bureti, huenda hawajui kwamba kanisa linaloimiliki lina chimbuko lake katika huzuni ya familia moja.

Peter Cameron Scott alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka wa 1867, kisha familia yake ikahamia Philadelphia, Marekani. Kijana huyo alijaliwa sauti nzuri na angeweza kujitafutia riziki kwa kuimba. Badala yake, alichagua umisionari, na mwanzoni mwa 1891 akawasili Kongo.

Nduguye, John, akamfuata huko baada ya muda mfupi. Miezi michache tu baadaye, John akafariki. Hakukuwa na mchonga jeneza wala mchimba kaburi wa kuajiriwa. Peter alizifanya kazi zote mbili kwa mikono yake, akamzika nduguye, na papo hapo kaburini akaweka nadhiri upya ya kuitumikia Afrika. Si wengi ambao wangeithubutu nadhiri hiyo mahali kama pale.

Mwili wake pia ulikuwa umedhoofika, ikambidi arejee Uingereza kutafuta nafuu. Akiwa London, alilizuru kaburi la David Livingstone katika kanisa la Westminster Abbey, na maneno ya Injili ya Yohana yaliyochongwa pale, yanayohusu kondoo wasio wa zizi hili, yakamrudisha kwenye azma yake. Safari hii aliitazama Afrika Mashariki.

Misheni ya Africa Inland ilipoundwa mwaka wa 1895, Scott aliongoza kundi lake la kwanza, dadake Margaret akiwa miongoni mwa wasafiri. Reli haikuwepo. Walitoka Mombasa kwa miguu hadi Nzaui, Ukambani, na wazazi wake nao wakavuka bahari kuja kumsaidia. Hebu tafakari: mama aliyekwisha kumpoteza mwana mmoja Afrika anakubali kumfuata wa pili huko huko.

Katika muda wa mwaka mmoja vituo vinne vilifunguliwa: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Inakadiriwa kwamba Scott alitembea zaidi ya kilomita 4,000 katika kipindi hicho. Wanaomsifu huutaja mwendo huo kwa fahari, ingawa mwandishi huyu anaona kwamba ulimharakishia kifo. Mtu asiyejihurumia huwaachia wampendao mzigo mzito.

Mnamo Desemba 4, 1896, Scott aliaga dunia kwa homa ya mkojo mweusi, tatizo hatari linalotokana na malaria. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Yaliyofuata yalikuwa machungu zaidi. Wamisionari wenzake kadhaa walifariki, wengine wakakata tamaa wakaondoka, na njaa kuu ya mwishoni mwa karne hiyo ikaivamia Ukambani. Misheni ilikaribia kufa kabisa.

Charles Hurlburt, aliyeisimamia kutoka Marekani, ndiye aliyeinusuru, naye hakuja pekee: alihamia Kenya na mkewe na watoto wao. Makao makuu yalihamishiwa Kijabe mwaka wa 1903, na kutoka huko kazi ikasambaa hadi nchi ya Wakipsigis. Zahanati ya Litein, iliyozaa hospitali ya leo, ilianza katika miaka ya 1920. Scott mwenyewe hakuwahi kuiona milima ya Kericho.