Abbe Michel Kayoya na Nyayo za Baba Yake

Katika toleo hili la kuwakumbuka waliotutangulia, tunaandika maisha ya marehemu Abbe Michel Kayoya, padri na mwandishi wa Burundi.

Alizaliwa mwaka 1934 huko Kibumbu, katika milima ya Mugamba. Alisoma seminari nchini, kisha Lille, Ufaransa. Alipata upadri mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati nchi yetu ilipopata uhuru (1 Julai 1962) na maaskofu wa dunia nzima walipokutana Roma katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962-1965).

Mtaguso huo uliruhusu ibada ziadhimishwe kwa lugha za watu. Ulifundisha pia kwamba mema yaliyomo katika mila za kila taifa yasitupwe, bali yasafishwe na kutumika. Kabla ya hapo Mkristo wa kwetu aliambiwa mara nyingi kwamba mambo ya wazee ni upagani.

Kayoya alilifanyia kazi fundisho hilo. Mwaka 1968 alitoa kitabu cha Kifaransa, Sur les traces de mon père, yaani nyayo za baba yangu. Aliwaonyesha vijana kwamba wazee wetu walikuwa na heshima, ukarimu na imani kwa Imana, na kwamba Injili yaweza kuota mizizi humo. Utu huo Warundi huuita ubuntu. Alikataa pia Mwafrika agombaniwe na mabepari na wakomunisti kama mali isiyo na mwenyewe.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi. Serikali ikalipiza kwa kuua Wahutu wengi mno, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, mapadri. Tarehe 17 Mei Kayoya aliuawa Gitega, akafukiwa katika kaburi la pamoja karibu na mto Ruvubu. Alikuwa na miaka 37.

Mawazo yake hayakufa. Mwaka 1994 Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ililieleza Kanisa kuwa Familia ya Mungu, na njia hiyo Kayoya alikuwa ameshaikanyaga. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua mchakato wa kumtangaza Mwenye Heri, pamoja na wamisionari waliouawa Buyengero mwaka 1995 na waseminari 40 wa Buta waliouawa mwaka 1997 kwa kukataa kutengana, Wahutu na Watutsi.

Sisi tuliotoka kando ya ziwa, tangu Kabezi hadi Nyanza-Lac, tumezika ndugu wa pande zote mbili. Hata hivyo, kwenye foleni ya maji na ya posho bado watu huulizana makabila, na watoto wanasikia. Wazazi wenzangu, huku ukimbizini hatuna shamba la kuwarithisha. Ubuntu tunao. Tusiwanyime.

Marehemu wetu wote wapumzike kwa amani.

Mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kabezi