Dwight Eisenhower: rais aliyeishi na ugonjwa wa utumbo

Mama au mlezi, mtoto anapolalamika tumbo kila mara ni rahisi kuzoea na kusema ni tumbo tu, litapoa. Leo nakueleza habari za mtu maarufu ambaye tumbo lake lilimsumbua zaidi ya miaka 30 kabla ugonjwa wake haujajulikana.

Dwight Eisenhower alizaliwa mwaka 1890 huko Texas, Marekani. Aliongoza majeshi ya Washirika barani Ulaya katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwaka 1953 akawa Rais wa nchi yake. Mwaka 1923 alipasuliwa na kuondolewa kidole tumbo, lakini maumivu hayakuisha. Yalikuja na kuondoka, mwaka baada ya mwaka. Tena alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara hadi alipoacha mwaka 1949. Siku hizi tunajua kwamba sigara huuzidisha ugonjwa aliokuwa nao.

Mei 1956 picha za eksirei zilionyesha kuwa sehemu ya mwisho ya utumbo wake mwembamba imeathirika. Ulikuwa ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si wa kurogwa. Kinga ya mwili inaushambulia utumbo, nao unavimba kwa ndani. Uvimbe ukikaa muda mrefu huacha makovu, na njia ya chakula inakuwa nyembamba.

Hilo ndilo lililompata. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Juni 1956 alishikwa na maumivu makali, akatapika na tumbo likajaa. Utumbo ulikuwa umeziba. Madaktari walisita kumpasua, kwa sababu miezi michache nyuma alikuwa amepata shambulio la moyo. Lakini utumbo ulioziba hausubiri. Alfajiri ya tarehe 9 walimpasua, wakaunganisha utumbo mwembamba na utumbo mpana ili chakula kipite pembeni ya sehemu iliyoziba.

Alikuwa na umri wa miaka 65. Novemba mwaka huo huo alichaguliwa tena, akamaliza kipindi chake Januari 1961. Hakupona kabisa matatizo ya tumbo: Februari 1969 utumbo uliziba tena kwa sababu ya makovu ya ndani, akapasuliwa. Alifariki tarehe 28 Machi 1969 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 78.

Wewe unajifunza nini hapa? Ugonjwa huu hauna dawa ya kuumaliza, lakini zipo dawa za kutuliza uvimbe, na mtu anaweza kusoma, kufanya kazi na kulea familia. Kinachoumiza wengi ni kuchelewa kujulikana.

Mpeleke mtoto kituo cha afya ukiona:
- kuharisha kunakozidi wiki nne, au kunakorudi rudi;
- damu kwenye choo;
- anapungua uzito, au haongezeki kimo kama wenzake;
- homa na uchovu usioeleweka pamoja na maumivu ya tumbo.

Usishangae akipimwa pia kifua kikuu, minyoo na amiba. Kifua kikuu cha tumbo hufanana sana na ugonjwa wa Crohn, na matibabu yake ni tofauti.

Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ikiwa tumbo limejaa na kuuma sana, anatapika mfululizo au matapishi ni ya kijani, na hapati choo wala hatoi hewa. Usimpe chakula, dawa ya kuharisha wala dawa ya kienyeji. Usimpige bomba.

Na kama mtoto tayari anatumia dawa za ugonjwa huu, usizikatize kwa sababu anaonekana mzima. Tumbo likitulia, ni dawa zinafanya kazi.