Zanabazar: Lama aliyesubu sanamu zilizodumu kuliko dola

MAKUMBUSHO ya sanaa yaliyoanzishwa mwaka 1966 mjini Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, yamepewa jina la mtu ambaye wananchi wa nchi hiyo humheshimu na pia kubishana juu yake: Zanabazar, kiongozi wa dini ya Kibudha, fundi wa shaba na mwanasiasa wa karne ya 17.

Zanabazar alizaliwa mwaka 1635 miongoni mwa Wamongolia wa Khalkha. Baba yake, Gombodorj, alikuwa mmoja wa watawala wakuu wa Khalkha, na ukoo wao ulitokana na uzao wa Genghis Khan. Mwaka 1639, akiwa angali mtoto mdogo, alitambuliwa kuwa kiongozi wa kiroho wa watu wake. Kati ya mwaka 1649 na 1651 alisafiri hadi Tibet, ambako alionana na Dalai Lama wa Tano.

Aliporejea nyumbani aliingia katika kazi iliyomletea sifa kubwa kuliko cheo chake. Fundi wa sanamu za aina hiyo hufinyanga kwanza umbo la nta, hulizungushia udongo, kisha hulitia motoni. Nta huyeyuka na kutoka, na shaba iliyoyeyushwa humiminwa mahali pake. Baadaye sanamu hupakwa dhahabu iliyochanganywa na zebaki, na moto huifukuza zebaki na kuiacha dhahabu imeshikamana na shaba.

Katika sanamu hizo hakuna kilichowekwa kwa pambo tupu. Ua la yungiyungi chini ya miguu ni ishara ya usafi, kwa kuwa huchipua matopeni na kuchanua bila doa. Mkono unaogusa ardhi humkumbusha muumini saa ambayo Buddha aliifanya ardhi kuwa shahidi wake. Tara Mweupe ana macho saba: matatu usoni, mawili viganjani na mawili katika nyayo, ili asipitwe na mateso ya kiumbe yeyote.

Ndani ya sanamu huwekwa karatasi za sala zilizoviringishwa, kisha kitako huzibwa kwa bamba. Kwa waumini, kulibandua bamba hilo ni kuiondolea sanamu utakatifu wake. Matunzo nayo yana masharti. Kusugua kwa ndimu na majivu, kama wengi wafanyavyo kwa vyombo vya shaba, huondoa dhahabu isiyoweza kurudi. Brashi laini na mahali pakavu hutosha.

Amani ya karakana haikudumu. Mwaka 1688 Galdan, mtawala wa Wamongolia wa magharibi, aliivamia Khalkha, na Zanabazar akakimbilia kusini pamoja na maelfu ya watu wake. Alilazimika kuchagua mlinzi. Mwaka 1691, katika mkutano wa Dolon Nor, yeye na wakuu wa Khalkha walikubali kuwa chini ya Kangxi, mfalme mkuu wa China wa ukoo wa Qing.

Uamuzi huo ndio chanzo cha ubishi. Wapo wanaoona kwamba aliokoa watu waliokuwa wakiangamia. Wapo wanaoona kwamba aliuza uhuru, ambao Mongolia iliutangaza tena mwaka 1911 tu.

Kangxi alifariki dunia Desemba 1722. Zanabazar alikwenda Beijing kumwombolezea, naye akafia huko mwaka 1723. Mabaki yake yalirejeshwa Mongolia na hatimaye yakawekwa katika monasteri ya Amarbayasgalant, iliyojengwa kwa heshima yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikomunisti ilibomoa mamia ya monasteri na kuua maelfu ya watawa. Sanamu nyingi ziliyeyushwa, lakini baadhi ya kazi za Zanabazar zilinusurika.

Kuna urithi mwingine ambao haukuhitaji kufichwa. Mwaka 1686 alibuni maandishi yaitwayo Soyombo. Maandishi hayo hayakuenea sana, lakini alama yake kuu imo katika bendera ya Mongolia hadi leo. Mtu aliyelaumiwa kwa kuikabidhi nchi kwa wageni ndiye aliyeiachia alama ya uhuru wake.